Chupa Moja, Wanywaji Wawili

Mkuu wa kituo alilitua jalada mezani kama mtu anayetua mzigo wa mwenzake, akasema linatakiwa kwa mwendesha mashtaka jioni ileile. Kisha akamtazama Inspekta kuanzia viatu mpaka kofia, akaongeza kwamba jioni maana yake ni jioni, si keshokutwa. Akageuka kwenda zake huku akisugua goti la kushoto, maana goti lile lilikuwa halimpendi siku za baridi.

Inspekta alisema, "Ndiyo, afande," akainama kufunga kamba za viatu, kimoja kwanza, halafu cha pili. Kituo kizima kilimwita Kinyonga. Jina walimpa kwa kumdhihaki mwendo wake, naye akalipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Kinyonga, alikuwa akiwaambia, haendi mbio, lakini hakuna nzi aliyewahi kusimulia alivyomponyoka. Tena macho yake mawili huangalia njia mbili kwa wakati mmoja, ilhali kituoni mlikuwa na maofisa ambao macho yote mawili yaliangalia saa ya chakula tu. Akifika hapo, Sajini Kijiko hukohoa. Sajini huyo alitembea na kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, pale wenzake wanapoweka kalamu, na hakuona haya: askari, alisema, hakopi silaha.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwenye kinu cha kusagia viungo karibu na soko, mtu maarufu aliyeitwa Bwana Kinu, alianguka mbele ya wateja wake, midomo imekufa ganzi na moyo unapiga kama ngoma ya mlevi. Hospitali wakakuta kwenye damu yake sumu ya mzizi mchungu, ule ambao waganga wa mitishamba huuchemsha kwa ajili ya magoti. Na magoti ya Bwana Kinu yalikuwa mabovu. Watu wa sokoni walishachoka kumcheka msaga viungo mwenye viungo vibovu. Dawa aliipata kwa mganga ambaye mtaa mzima humwita Shangazi. Na miezi michache nyuma, mbele za watu, Bwana Kinu alikuwa ameziita dawa za Shangazi vumbi la barabarani, naye Shangazi akamjibu kwamba atakuja kumwangukia, tena kwa magoti hayohayo.

Basi Mkuu akaona kesi imejipika yenyewe. Shangazi akawekwa mahabusu.

Kulikuwa na mfupa mmoja tu kooni. Dada yake Bwana Kinu, aliyeitwa Dada Mkubwa na watu wote, aliishi nyumba moja na kaka yake na aliurithi ugonjwa uleule wa magoti. Alikunywa dawa ileile, kutoka chupa ileile, asubuhi na jioni kama kaka yake. Siku kaka yake alipobebwa, yeye ndiye aliyekimbia kuita gari. Alikimbia, na magoti yake hayo.

Mkuu aliumeza mfupa huo kwa kusema lazima kulikuwa na chupa ya pili, ya siri, aliyopewa kaka peke yake. Chupa hiyo ilitafutwa mpaka chini ya kuku haikuonekana. Inspekta hakupenda hoja inayosimama juu ya chupa ambayo hakuna aliyeiona.

Alianzia mahabusu. Shangazi alikuwa ameketi wima kwenye benchi, mtandio umekunjwa vizuri mapajani, kama mtu anayesubiri wageni wachelewaji. Inspekta alimsalimia kwa shikamoo, akaitikiwa, akaketi pembeni yake na kuuliza habari za mzizi. Shangazi alieleza bila kupunguza wala kuongeza. Mzizi ule ni mkali na hamfichi mtu hilo. Huumenya, huuloweka, huuchemsha mpaka rangi ya maji igeuke na ule ukali unaouma ulimi uishe, halafu huonja yeye kwanza. Kila mtu humpa chupa moja, na maagizo huyasema kwa mdomo na kumtaka mgonjwa ayarudie: kikombe kidogo, tumbo lisiwe tupu, usitie kitu.

Inspekta aliuliza kama wale ndugu wawili waliyarudia maagizo. Waliyarudia, akasema, Bwana Kinu kwa sauti kubwa kuliko dada yake, kwa dharau.

"Mwanangu," Shangazi akamwambia, "mzizi ule naujua kuliko wanangu wa kuzaa. Wanangu wamewahi kunidanganya. Na kama ningetaka kumuua yule mwenye mdomo, ningetumia mzizi ambao mji mzima unajua ni wangu? Nani anaua akaacha sahihi?"

Sajini Kijiko alitikisa kichwa kukubali, akakumbuka yuko upande gani, akaacha.

Shangazi aliendelea taratibu kwamba jela haiogopi sana. Anachoogopa ni kwamba akishasomewa mashtaka, hata akiachiwa mwezi ujao, hakuna atakayepokea kikombe tena kutoka mkono wake. Alinyoosha mikono yote miwili akaitazama. Mama yake alitibu kwa mikono ya namna hiyo, na bibi yake pia.

Walipotoka nje, Sajini alikuwa na nadharia tayari. Machicha, alisema. Dawa ya mizizi hutuama. Dada alikunywa maji ya juu, kaka akanywa ya chini, na kijiko chake Sajini kiko tayari kutoa ushahidi, kwani mchuzi wa kituoni nao huwa hivyohivyo. Inspekta aliisifu nadharia hiyo. Alisema ni nzuri na inapimika, basi waende ikapimwe.

Mkemia wa serikali alikuwa mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Chumba chake kilikuwa kisafi hata mtu akaona aibu kupumua. Aliwasikiliza, akachukua chupa iliyokamatwa, akasema machicha alishayafikiria kabla Sajini hajazaliwa. Alipima dawa ya juu, akapima ya chini, akaitikisa akapima tena. Nguvu ni moja. Tena ni nguvu ndogo, kipimo ambacho mtu mzima hukivumilia. Aliyeichemsha, alisema, alijua kazi. Na kikombe kilichookotwa kando ya kitanda cha Bwana Kinu, kikiwa bado na mabaki, je? Aliyachuja, akayapima. Dawa ileile, nguvu ileile, na hakuna sumu nyingine iliyoongezwa.

"Niliulizwa kama kuna sumu ya pili," Mkemia alisema. "Nimejibu. Haipo."

Sajini alikiinua kikombe ndani ya mfuko wake wa nailoni akichungulie. Mdomo wa mfuko haukuwa umekaza. Akapiga chafya, akapiga ya pili, ya tatu ikampiga yeye. Akalaumu vumbi. Mkemia alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Humu hamna vumbi, Sajini. Kama lipo, umekuja nalo."

Inspekta alikitazama kikombe kwa muda mrefu, halafu akaitazama pua ya Sajini kwa muda uleule. Njiani, Sajini akahesabu hasara: chupa salama, kikombe salama, na damu ya mtu imejaa sumu kama aliyekunywa mara tatu. Aliuliza kama afande wake anaamini uchawi. Afande wake alimwambia apunguze mwendo.

Nyumba ya Bwana Kinu ilikuwa nyuma ya kinu chenyewe. Kinu kilikuwa kimezimwa tangu mwenyewe alazwe, lakini harufu haikuzimwa. Kuta, mapazia, hata paka aliyelala mlangoni, vyote vilinukia bizari, iliki na karafuu. Mke wa Bwana Kinu aliwakaribisha, macho mekundu kwa kulia, akaenda jikoni kupika chai bila kuuliza kama wanataka.

Sajini alimfuata mpaka mlango wa jikoni, kwa sababu za kikazi, alisema. Akarudi akimnong'oneza Inspekta kwamba jikoni kuna meko mawili, na kabati la Dada Mkubwa lina kufuli. Mtu anayefungia sufuria yake kwa kufuli katika nyumba yenye sumu, huyo ama anaogopa kitu ama anakificha. Uso wake uling'aa. Alishajiona akipongezwa.

Dada Mkubwa aliitwa. Alikuja akiburuta kandambili, akaulizwa kuhusu kufuli, akacheka mpaka akashika ubavu. Yeye ana vidonda vya tumbo, alisema, na daktari amempiga marufuku vyakula vikali vyote. Hula uji na bamia za kuchemsha, asubuhi bamia, jioni bamia, mpaka akikohoa anateleza. Dawa ya Shangazi huinywa baada ya bamia hizo. Na kufuli je? Kufuli ni la kumzuia kaka yake, ambaye kila akipita karibu na sufuria ya mtu humwonea huruma mwenye sufuria. Inspekta aliuliza huruma gani hiyo. Lakini chai ilikuwa imeingia, na mke wa Bwana Kinu si mtu wa kusubirishwa na sinia mkononi.

Inspekta akanywa funda la kwanza. Machozi yakamtoka. Koo likamwaka mpaka masikioni. Pembeni yake, Sajini alikuwa hajafikisha hata kikombe mdomoni. Alishapiga chafya tatu, zilezile za kwa Mkemia.

Inspekta alikitua kikombe taratibu sana.

"Mama, umetia nini humu?"

"Majani ya chai, maziwa na sukari," mke wa Bwana Kinu alijibu, akihofia labda sukari imezidi.

"Na nini tena?"

"Hakuna kitu."

Alisema kwa moyo mweupe, bila kupepesa. Inspekta akakisukuma kikombe mbele ya Dada Mkubwa na kumwomba aonje. Dada Mkubwa akakirudisha kama mtu aliyepewa kaa la moto. "Hiyo mimi siiwezi. Si ina pilipili manga?"

"Ah," akasema wifi yake. "Hiyo."

Sajini alikuwa na leso puani, lakini juu ya leso macho yake yalikuwa yameanza kukua.

Inspekta hakukimbilia. Alimkumbusha mke wa Bwana Kinu kwamba siku ya tukio polisi walimwuliza kama kuna chochote kilichotiwa kwenye dawa ya mumewe, naye akaandikisha kwamba hakuna. Mke alikubali, na ndiyo kweli, yeye hakutia. Dawa mume wake alijitilia mwenyewe. Alijitilia nini? Alijitilia dawa kikombeni. Na baada ya dawa? Hapo mke wa Bwana Kinu aliketi juu ya mkeka, sinia bado mkononi. Mume wake, alisema kwa sauti ndogo, ana kikopo chake cha pilipili manga, ya daraja la kwanza, anayoisaga kwa mkono wake. Hukiweka mfuko wa shati. Hali wala hanywi kitu ambacho kikopo hicho hakijakipitia. Hata maji.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Mwanangu, utasema mtu anapumua?"

Inspekta alitoka uani kupiga simu. Mkemia alipokea kwa sauti ya mtu aliyekatizwa hesabu, lakini alipolisikia neno pilipili manga sauti ikabadilika, ikawa ya mwalimu aliyeulizwa swali alilolisubiri muhula mzima. Akasema mabaki yaliyomo kikombeni aliyachuja ili apime dawa, na machicha anayo bado, kwa kuwa yeye hatupi kitu. Asubiri hapohapo kwenye simu. Inspekta alisubiri, akimtazama paka. Mkemia aliporudi alisema chembe nyeusi ni pilipili manga tupu, tena nyingi kuliko mzizi.

"Sasa nisikilize," akasema. "Utumbo una walinzi, Inspekta. Sumu ya mmea ikigonga mlango, sehemu kubwa hurudishwa nje, nyingine huvunjwavunjwa palepale, na ini humalizia inayopenya. Pilipili manga ina kitu kinachowalaza walinzi hao. Kikombeni sumu haikuongezeka hata tone. Iliyoongezeka ni inayopita."

Inspekta akauliza habari za uji na bamia.

Ule utelezi, Mkemia alieleza, huizonga dawa ikapenya kidogo kidogo, na mwili ukapata nafasi ya kuishughulikia. "Dada alijenga ukuta, kaka akavunja geti. Na mliniuliza sumu, hamkuniuliza chakula. Mngeuliza chakula ningewajibu siku ya kwanza."

Alikata simu kwa maringo, na kwa kweli alistahili.

Wodini walikuta muuguzi amefura. Bwana Kinu alikuwa amezinduka asubuhi hiyo, na tangu azinduke amekataa uji mara mbili, anasema umelala. Alikuwa mtu mkubwa aliyenywea kitandani, mirija mkononi, lakini nyusi bado zilikuwa za mwenye nyumba. Nguo zake zilikuwa kwenye mfuko chini ya kitanda. Inspekta aliomba ruhusa, akatoa shati, na kutoka mfukoni akatoa kikopo kidogo cha bati. Akakificha nyuma ya mgongo. Alitaka jibu lije lenyewe.

"Bwana Kinu, ulitia nini kwenye dawa ya Shangazi?"

"Sikutia kitu," mgonjwa alisema, sauti kama karatasi. "Alisema tusitie kitu. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo."

Inspekta akakiweka kikopo juu ya blanketi. Bwana Kinu akatabasamu kama baba aliyeletewa mwanawe.

"Lete hapa. Huu uji wao unahitaji kuamshwa."

"Na dawa uliiamsha pia?"

"Sasa afande, ningeinywaje vile? Dawa bila pilipili manga ni maji ya kufulia."

Aliulizwa kiasi gani. Hakusema kijiko wala nusu kijiko. Alikunja kiganja akawaonyesha lile bonde la katikati. Sajini Kijiko, mtu aliyekula mengi duniani, akavua kofia.

Inspekta alivuta kiti, akamweleza yote kama Mkemia alivyoeleza, mlango, walinzi na geti. Bwana Kinu alisikiliza bila kufumba macho. Alipomaliza, mzee akauliza kwa upole kama kweli pilipili yake ndiyo iliyofanya yote hayo. Inspekta akasema ndiyo.

"Yangu hii," akasema, na kifua kikapanda kidogo chini ya shuka. "Ya yule wa duka la pili isingeweza."

Sajini alilazimika kwenda dirishani. Hata muuguzi aligeuka akajifanya anahesabu vidonge.

Inspekta alimwacha aringe apendavyo. Alipotosheka, akamwambia kwamba kwa ajili yake Shangazi yuko mahabusu, na kwamba jioni hii atapelekwa kusomewa kosa la kumwekea mtu sumu. Kifua cha Bwana Kinu kikashuka. Alikitazama kikopo, akakisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa blanketi, mbali naye. Halafu akaomba maelezo yake yaandikwe, tena mara moja, na lisisahauliwe jambo moja: kabla hajaanguka, magoti yalikuwa yameanza kukunjika. Dawa ilikuwa dawa. Yeye ndiye aliyeiita vumbi, na hilo nalo liandikwe.

Jua lilikuwa bado juu ya paa la kituo waliporudi. Inspekta aliweka juu ya jalada maelezo ya mgonjwa, cheti cha Mkemia na kikopo cha bati. Mkuu alisoma amesimama. Akasoma tena ameketi. Aliuliza kama ni kweli watu wawili katika nyumba moja wanaweza kusema hakuna kitu na wote wakawa wanasema kweli. Inspekta akamjibu kwamba yeye Mkuu, akiulizwa jikoni kwake mnatia nini kwenye maharage, hatataja maji.

Mkuu akasaini. Halafu akachungulia dirishani, akaona watu wamejaa barazani, maana habari ya kuachiwa ilishafika sokoni kabla wino haujakauka. Akashauri Shangazi apitishwe mlango wa nyuma, kwa heshima yake.

Shangazi alipoambiwa hivyo alijifunga mtandio vizuri na kusema aliingia kwa mlango wa mbele, na miguu yake haijui njia nyingine. Inspekta alimfungulia mwenyewe. Wakiwa ukumbini akamweleza kilichotokea, na Shangazi akasimama.

"Nilimwambia asitie kitu."

"Hakutia kitu, Shangazi. Kwao ile si kitu."

Shangazi alishika njia. Alitembea mpaka barazani, watu wakampisha, na hakuna aliyejua aseme nini. Dada Mkubwa alikuwepo, na mke wa Bwana Kinu amejificha nyuma yake. Wateja wa zamani walikuwepo pia, wanamtazama mikono, si uso. Ukimya ulikuwa wa aina ile ambayo mtu akiuacha ukae, hauondoki tena.

Mkuu wa kituo ndiye aliyeuvunja. Alitoka ofisini akichechemea, kofia kwapani, akateremka ngazi mbili mbele ya wote. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma amri, kwamba ana goti la kushoto linamsumbua siku za baridi, na kama Shangazi hana kinyongo, angeomba chupa.

Shangazi alimpima kwa macho, kama yeye Mkuu alivyozoea kumpima Inspekta. Halafu akainua kidole ili mji mzima usikie.

"Kesho njoo, mwanangu. Kikombe kidogo. Tumbo lisiwe tupu. Usitie kitu." Akamtupia jicho Inspekta, kisha mke wa Bwana Kinu. "Na pilipili manga ni kitu. Rudia."

Mkuu wa kituo, mbele ya askari wake wote, akarudia.